Mazoezi ya Baridi ya Kanada, Chikongola

Mama alikataa kwenda Kanada kwa sababu ya baridi. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane kule, viza imetoka, tiketi ipo, na kwetu binti akijifungua mama yake ndiye humkanda kwa maji ya moto mpaka arobaini itimie. Nani mwingine amkande, nesi? Lakini mama alitoka kijijini Mahurunga na kikapu cha mihogo kuja kuniambia kwamba atafia njiani kabla hajafika kwa mwanawe, maana alisikia kule watu hukaa kwenye gari lililosimama, wanatetemeka, wakisubiri lipate moto.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia, haya, twende tukafanye mazoezi.

Ilikuwa Novemba, jioni, na jua la Mtwara bado linakaanga. Nikaegesha gari mbele ya nyumba yangu hapa Chikongola, nikapandisha vioo, nikafungulia kiyoyozi mpaka mwisho. Mama akaingia na koti la mtumba linalomfika vifundoni, soksi za mpira wa miguu, kanga mbili ndani, blanketi juu. Alitaka kuingia na jiko la mkaa pia, aliweke miguuni. Nikamwambia hilo litatuua kabla ya baridi. Akanuna, akakumbatia chupa ya chai ya tangawizi. Mimi kwa ubishi nilivaa shati tu, na haikupita nusu saa meno yakaanza kugongana.

Jirani mmoja akipita kwenda sokoni akatuona. Mama mtu mzima kajifunika blanketi kwenye joto lile, anatetemeka, gari linaunguruma na haliendi. Akajua ni mgonjwa mahututi na gari limegoma. Kufumba na kufumbua watu wametuzunguka, wanagonga vioo, wananiita mtoto asiye na huruma. Mama hakutaka kushusha kioo, joto lisije likaharibu mazoezi. Akawainulia kidole kimoja, wasubiri kidogo. Lahaula! Mzee mmoja alipoona kile kidole alidhani anatoa shahada ya mwisho, akaanza kumsomea Yasini, na yule jirani wa sokoni akaangua kilio.

Nikatoka kuwafokea. Nikawaeleza kwamba mama yangu hana ugonjwa wowote, anajifunza baridi. Wakanitazama, kisha wakaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nililala vizuri.

Walipotawanyika nikarudi ndani, nikamkuta mama analia. Nikazima kiyoyozi. Nikamwambia, basi mama, kama baridi inakushinda usiende, dada ataelewa.

"Baridi naiweza," akasema. "Miaka sita yuko huko. Kaumwa bila mimi, kaolewa bila mimi. Naogopa nitabisha hodi anifungulie mtu nisiyemjua, anikaribishe vizuri kama mgeni."

Hasira zote ziliniisha. Niliona aibu. Nikampigia dada, nikaweka spika, nikamshikia mama simu. Dada aliuliza kuna nini, mama akazidi kulia. Halafu dada akaanza kuzungumza Kimakonde, ambacho sikuwa nimemsikia akikisema tangu aondoke. Alisema anaogopa kuzaa. Alisema usiku halali, na anataka mama yake.

"Nakuja," mama akamwambia. "Nyamaza, mwanangu. Nakuja."