Klachi Aliyofunga Pantaleo

Kule Masumbwe, mwaka wa themanini na tano, mtu aliyepeleka gari gereji hakuliacha akaenda kunywa chai. Alivuta kigoda, akakaa ukingoni mwa shimo la fundi, macho chini, mpaka boliti ya mwisho ikazwe. Vipuri vilikuwa adimu kuliko sabuni, na kumwacha fundi peke yake na kifaa kipya ilikuwa kumtia majaribuni bure. Hata padre, pamoja na upadre wake, alikaa pale akilinda pikipiki yake.

Ansgar peke yake hakukaa. Angekaaje? Fundi Pantaleo ndiye baba wa ubatizo wa binti yake, Anisia. Kumlinda mtu kama huyo kana kwamba ni mwizi wa kuku ni matusi, na Ansgar hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa pikapu moja, Pijo kuukuu, ambayo pedeli yake ya klachi ilikuwa ngumu hata mguu wake wa kushoto ukawa unavimba jioni. Penye mlima injini ilinguruma kwa madaha, gari likabaki pale pale linanuka kuungua.

Safari hii hakutaka kubahatisha. Chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kimempa kazi ya kukusanya pamba vijijini msimu mzima, kwa sharti kwamba gari likilala njiani hata mara moja, kazi anapewa mwingine. Shamba alishamwachia mdogo wake, kwa hiyo kazi ile ndiyo ilikuwa ugali wa nyumba yake. Akatoa ng'ombe wake wa kulimia, akapata klachi pleti mpya kutoka Mwanza, ingali kwenye karatasi yake ya mafuta. Akamkabidhi Pantaleo mkononi.

"Nenda kapumzike nyumbani kwangu, Baba Anisia," Pantaleo akasema. "Serafina amekaanga kuku."

Akaenda. Akala kuku wa watu, akacheka na Serafina, mke wa fundi, na jioni akaondoka na gari lenye pedeli laini kama siagi. Alimshukuru Pantaleo mpaka fundi mwenyewe akatazama pembeni.

Wiki haikuisha. Kwenye kilima cha kabla ya Ushirombo, na pamba imejaa hadi juu ya bodi, gari liligoma. Likalala pale pale. Fundi wa misheni aliyekuja kulisaidia alishusha giaboksi, akatoa klachi pleti, akaiinua juani. Ilikuwa ile ile ya zamani, imegongomewa kwa ribiti vipande chakavu vya laini za breki za lori.

"Mzee, nani alikufungia takataka hii?"

Ansgar akajibu kwamba alilinunua gari likiwa hivyo. Aibu ilikuwa ya mwingine, lakini yeye ndiye aliyeibeba, na moyo ulimuuma kuliko wa aliyefiwa.

Kazi ya pamba akapewa mwenye trekta. Ansgar akaenda gereji kwa miguu, akamkuta Pantaleo ananawa mikono kwa petroli. Pantaleo hakukana. Mnunuzi wa dhahabu kutoka Bulyanhulu alikwamiwa na Pijo kama ile siku ile ile, akaitaka pleti mpya, akaondoka nayo.

"Ndugu yangu," Ansgar akasema, "siku ile uwanjani hapa niliona Pijo nyingine mbili zenye pleti mpya. Kwa nini yangu?"

Pantaleo alifuta vidole kimoja kimoja.

"Wenyewe walikuwa wamekaa hapo, Baba Anisia."

Jumapili, watu walipotoka misa, Anisia alimwona Pantaleo, akataka kukimbia kumwamkia kama kawaida yake. Ansgar akamshika mkono.

"Baba, si baba yangu wa ubatizo yule?"

"Ndiye," Ansgar akasema, na hakuuachia ule mkono mpaka Pantaleo alipopita.