Kichwa Kisicho na Shela

Watoto wa chekechea walikuwa na swali ambalo hawakuchoka kuniuliza: "Sista, una nywele?" Niliwaambia ninazo, wakacheka, hawakuamini. Watu wazima wana swali hilohilo, ila wao huona haya kuuliza. Wanadhani chini ya shela kuna utakatifu. Chini ya shela kuna jasho, hasa Tabora mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado na jua likiwa halina huruma. Kuna mba. Kuna nywele fupi zilizokatwa na mtu asiye fundi. Na kwangu mimi, katika mwaka wa pili wa unovisi, yaani malezi kabla ya nadhiri, kulikuwa na mapunye.

Ninasema wazi leo kwa sababu wakati ule sikusema, na kwa kunyamaza kwangu msichana mmoja alirudishwa kwao.

Nyumba yetu ya malezi ilikuwa upande wa Ipuli. Tulikuwa wanovisi wanne, tuliokwisha kuvikwa shela nyeupe, na wapostulanti watatu, yaani wasichana wa hatua ya kwanza, ambao walivaa sketi ya bluu na blauzi, kichwa wazi. Juu yetu sote alikuwapo mlezi, sista wa makamo ambaye aliliona vumbi kabla halijatua. Maji ya ziwa yalikuwa hayajafika mjini. Bomba lilitoa maji siku lilipojisikia, na kiangazi chote tuliishi kwa madumu, ndoo moja ya kuogea watu wawili. Mlezi alitufundisha kuoga kwa kikombe: vitatu vya kujilowesha, sabuni, vitano vya kusuuza, na maji yanayobaki kwenye beseni yanakwenda chooni. Alitufundisha mahali pa kuanika nguo za ndani, nyuma ya banda la kuku, chini ya kanga, ili padre akipita asizione. "Mwili ni hekalu la Mungu," alisema, "na hekalu halinuki kwapa." Tulimcheka tukiwa peke yetu. Lakini hatukunuka.

Nywele tulinyoana Jumamosi moja, nyingine tukapumzika. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya jiko, tukisali rozari kwa sauti ya chini, na aliyefikiwa aliinamisha kichwa na kuendelea na Salamu Maria zake. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mashine, ile ya mkono, ya kubana na kuachia. Tulikwenda kwa daraja, kama tulivyokwenda kwa daraja kila mahali, mezani na hata kwenye foleni ya choo: wanovisi kwanza, wapostulanti baadaye. Kati ya wanovisi nilijiweka wa mwisho, na nilijinyoa mwenyewe kwa kupapasa. Hilo nililiringia. Wenzangu walipotaka kunisaidia kisogoni niliwaambia waniache, mikono yangu ina macho. Nikimaliza, nilivaa kitambaa changu, nikaita wa kwanza wa wapostulanti.

Wa kwanza huyo alikuwa msichana wa Nzega. Wazazi wake walilima pamba na mahindi. Mama alikuwa Mkatoliki, baba hakuwa na dini yoyote, na alimruhusu binti aje utawani kwa shingo upande, akisema watamrudisha tu, nyumba ya watu haina uvumilivu. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichomponza mara nyingi. Nilipougua malaria alinibebea maji, akanikanda kichwa, akaniita dada badala ya novisi kama alivyoagizwa. Mimi sikumsahihisha. Nilimpenda, na ninalitaja hilo kwa sababu lingekuwa jepesi zaidi kama nisingempenda.

Kati ya kichwa na kichwa niliipangusa mashine kwa kitambaa kikavu. Chupa ya spiriti ilikuwapo kabatini, lakini mlezi alisema spiriti ni ya vidonda, si ya kuchezea, na sisi tulikuwa tumeweka moyoni kwamba ufukara ni kutotumia kitu. Basi tukaitunza. Ilikaa mle mpaka nusu yake ikakauka yenyewe.

Mapunye niliyapata wapi sijui. Nadhani ni kwa watoto wa chekechea, niliokuwa nikiwabeba vichwa vyao vikiniegemea. Kwanza niliwashwa juu ya sikio. Kisha kidole changu kikakuta mahali laini, pana kama kifuniko cha soda, pasipo nywele, penye magamba. Hatukuwa na vioo. Nilijitazama kwenye kitako cha sufuria, nikaona doa jeupe. Ilikuwa miezi miwili kabla ya nadhiri zangu za kwanza. Nikavuta kitambaa mbele kidogo, nikafunga shela juu yake, na asubuhi ile kanisani nilikuwa safi kuliko wote.

Hapo bado sikujua la zaidi. Mashine ilikuwa butu, mlezi akanituma Gongoni kwa kinyozi mmoja, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa mjini, ambaye baba yake pia alikuwa kinyozi palepale. Alinoa mashine za watu na mikasi ya mafundi cherehani. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kiti." Aliifungua mashine, akaisogeza kwenye mwanga, akakwangua kwa ukucha magamba yaliyokuwa kati ya meno ya mashine.

"Mwanangu, hii inapita vichwa vingapi?"

"Saba."

"Na baada ya kichwa mnaipaka nini?"

"Tunaipangusa."

Aliiweka chini. Akachukua birika, akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hapo kuna mtu ana mapunye. Na kama yupo mmoja, basi anayenyolewa baada yake anayo vilevile, ama yanakuja. Si uchafu huo, mwanangu. Ni mashine. Mtu anaweza kuoga mara tano kwa siku na akayapata." Akaiosha kwa spiriti yake mwenyewe, hakunitoza ya spiriti, akaniandikia kwenye kipande cha gazeti jina la dawa ya kupaka na la vidonge. Hakuuliza ni nani. Nadhani alijua.

Nilirudi kwa miguu, nikihesabu daraja letu la Jumamosi. Baada yangu, yeye, msichana wa Nzega.

Nilimkuta amesimama barazani na mlezi. Alikuwa na madoa mawili, moja utosini, jingine kubwa nyuma. Hakuwa na kitu cha kuyafunika. Kila mgeni aliyeingia getini aliyaona. Wiki ile alikuwa amejikuna katikati ya misa, padre akakatiza mahubiri na kumtazama, na mlezi akaona haya kwa niaba ya shirika zima. Sasa alikuwa anamuuliza anaoga vipi. Msichana akajibu anaoga kama alivyofundishwa. Mlezi akasema haiwezekani, aliyefundishwa hawi hivi. Alisema bila ukali. Aliingia ndani, akamletea kipande cha sabuni ya kufulia, kizima, akamwambia ajisugue kwa hiyo asubuhi na jioni.

Akajisugua. Tulimsikia bafuni, anasugua kwa gunzi la hindi, maji ya ndoo yetu mimi na yeye, maana tulikuwa tumepangwa ndoo moja. Nilimwachia maji yangu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa la upendo.

Dawa nilinunua. Nilitumia pesa ya nauli, nikarudi kwa miguu mara mbili, nikamwambia mlezi mabasi yalichelewa. Nilijipaka gizani, chini ya shuka. Sikumpa. Kila siku nilisema kesho nitampa, na kila kesho niliona kwamba nikimpa ataniuliza nimeijuaje. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakikuniumbua kifo wala chochote. Nilipona vizuri sana.

Madoa yake yakawa matano. Mlezi akaniita ofisini. Aliketi na daftari la malezi mbele yake, kalamu imefunguliwa.

"Wewe ndiye unayewanyoa," akasema. "Sema kweli. Umeona kwa mwingine yeyote?"

Huo ndio mlango niliofunguliwa. Ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua hakuwa adui yangu. Nilifikiri juu ya mama yangu, ambaye tayari alikuwa amewaambia majirani tarehe ya nadhiri. Nilifikiri juu ya shela. Nikasema, "Hapana, sista."

Akaandika. Akasema, kama anayejisemesha, kwamba asiyeweza kutunza kichwa chake hataweza kutunza nadhiri. Kisha akasema aende nyumbani akatibiwe, akipona ataitwa. Sote tulijua maana ya ataitwa. Hakuna aliyewahi kuitwa.

Nilipewa kazi ya kumsindikiza stendi. Alijifunga kilemba cha kitenge, akabeba begi lake na kijiko alichokuja nacho, maana mpostulanti huja na kijiko na sahani yake. Njiani alitembea polepole, sambamba nami. Nilimpandisha, nikamkalisha dirishani. Akafungua kioo, akanitazama. Nilimwambia tutaombeana. Aliendelea kunitazama mpaka kondakta akapiga bodi kwa kiganja, na basi la Nzega likaondoka.

Nadhiri nilifunga. Watu walipiga vigelegele, mama yangu akalia, na mlezi mwenyewe aliponivika shela mpya aliniminya bega kwa furaha. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, za shule na za zahanati. Mashine nilianza kuichovya kwenye spiriti kila baada ya kichwa, na nilipoulizwa kwa nini nilisema nimeshauriwa. Hata nikasifiwa kwa hilo.

Miaka ikapita kumi na zaidi kabla sijapangiwa kazi za parokia karibu na Nzega. Nilikaa huko miezi mitano nikijua nyumba ile iko wapi, na kila wiki nilikuwa na sababu. Siku nilipokwenda nilienda mchana, baada ya misa ya Jumapili, nikiwa peke yangu.

Mama yake alikuwa anapepeta mahindi uani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nami niliwahi kumpa shikamoo. Hakuiitikia. Alipiga magoti palepale kwenye makapi, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Tumsifu Yesu Kristo, sista."

"Milele amina. Simama, mama, tafadhali."

"Tusameheni, sista. Tulitaka kuja kuomba msamaha, baba yake akakataa mpaka alipofariki. Tulimlea vibaya. Mimi nilikuwa shambani tu, sikumfundisha usafi. Tuliwaaibisha."

Nilijaribu kumwinua na sikuweza. Nilitaka ardhi ya Nzega inimeze na makapi yake. Nikamwambia hakumkosea mtu, akasema ndiyo, sista, Mungu awabariki, kama mtu anayeitikia sala.

Nikauliza binti yuko wapi. Akasema anaoga. Kisha akapunguza sauti, akaniambia kwamba anaoga mara nne, mara tano, na maji wanayanunua ya mkokoteni. Aliolewa, mume akachoka, akamrudisha. Watoto anawakataza wasikae karibu na kichwa chake. Nywele zikifika urefu wa punje ya mchele ananyoa kwa wembe, na akimaliza anaufukia wembe. "Hospitali wanasema hana ugonjwa," mama akasema. "Ni usafi tu umemzidi."

Binti akatoka, kichwa kinang'aa maji, ngozi imekwaruzika kuanzia paji mpaka shingoni. Alinitambua. Akaleta kigoda, akanipangusia kwa upande wa kanga, akapangusa tena, akaketi chini kwenye mkeka mbali kidogo nami. Mama akaingia jikoni.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yalipotea, nikabaki na yale mafupi. Nilimwambia: yalikuwa yangu. Yalitoka kichwani mwangu, yakaingia kwako kwa mashine niliyoishika mimi, na nilijua, na mlezi aliponiuliza nilikana.

Hakushtuka. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Nilijua, dada," akasema. "Siku ile umeinama kwenye pipa kuchota maji, shela ikarudi nyuma. Niliona. Nikasema moyoni, huyu atasema. Mlezi alipokuita ofisini nikafurahi, nikajua umekwenda kusema. Hata pale stendi nilikuwa nangoja. Nikafungua kioo ili usipate shida ya kusema kwa sauti."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Wangekufukuza."

Nililia, na hakunizuia wala hakunibembeleza. Mama akatoka na ugali na kisamvu, akanikuta hivyo, akafikiri ninamlilia marehemu mumewe, akanishukuru. Akaleta jagi na beseni. Nilinawa kwanza, kwa sababu mimi ni mgeni na ni sista. Kisha akanawa binti, mpaka viwiko, kwa sabuni, akamwaga maji, akaomba mengine, akanawa tena. Tulimngoja. Chakula kilipoa, naye alikuwa bado ananawa.