Mlango Ulikuwa Umefungwa

Leo namsema shangazi yangu, na anayetaka kununa anune. Bi Mahbuba ni dada wa baba. Amenilea, amenisomesha Kurani, na mkate wa kumimina najua kuupika kwa sababu yake. Lakini aliyomfanyia Nabirye yamenikaa kooni, na zaidi yananikaa kwa sababu na mimi nilikuwamo.

Nabirye ni msichana wa Uganda, kwao Kamuli, mtoto wa tano wa mzee aliyekuwa na mbuzi arubaini na hakuwa na ukuta. Mbuzi wao walilala kwenye banda la miti, na Nabirye tangu ana miaka saba kazi yake ilikuwa kulizunguka banda kila jioni, akikanyaga kwa kisigino pale miti inapokutana na ardhi, kutafuta palipolegea. Pakilegea, anaziba kwa mawe. Kazi hiyo aliifanya mpaka alipoolewa, akaifanya tena alipoachika, na alipokuja Maskati kufanya kazi za ndani akadhani ameshaagana na mbuzi. Akafikia Al Amerat, kwa shangazi yangu mwenye mbuzi tisa.

Hao mbuzi msiwachukulie mchezo. Tangu mumewe afariki na yeye mwenyewe astaafu kazi ya ukunga, Bi Mahbuba hana jengine. Anawaita kwa majina, anawasomea dua, anawakata kucha. Mwaka juzi alikwenda mpaka mtaa wa Ghala kwa wachomeaji vyuma, akasimama juani juu yao siku nzima, wakamtengenezea mlango wa banda wa chuma kitupu wenye komeo nene kama mkono wa mtoto. Kila mgeni lazima aoneshwe ule mlango kabla hajapewa kahawa.

Nabirye alipouona mara ya kwanza alisema, "Mama, mlango ni mzuri. Lakini mbwa haina adabu ya mlango. Mbwa inapita chini."

"Wewe hebu nenda kaoshe vyombo," akajibiwa.

Mbwa wa huku kwetu hawana mwenyewe. Wanashuka kutoka bondeni nyuma ya nyumba mpya, wanne watano, na kila mwaka wanaongezeka. Shangazi alikuwa akiilaumu manispaa, akiwalaumu wajenzi, akimlaumu jirani anayefuga mbwa wa kuwindia ingawa wa jirani wamefungwa minyororo. Kila mtu alikuwa na sehemu yake ya lawama isipokuwa yeye.

Sasa sikilizeni habari ya wali. Kwetu sisi wali hautupwi jaani. Ni neema. Watu wakishakula siniani, kinachobaki pamoja na mifupa hupelekwa nje kikawekwa chini viumbe wa Mungu wale. Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna jabali bapa, hatua kumi kutoka bandani, na miaka ishirini amekuwa akimwaga hapo mabaki ya kila khitma, kila Ijumaa, kila Idi. "Mkono wangu haujapeleka wali jaani hata punje," ndivyo anavyojisifu. Zamani walikuja ndege na punda. Nani alikwenda kuangalia nani anakuja siku hizi? Hakuna. Nabirye alikwenda. Akamwambia, "Mama, hii chakula inaita mbwa." Shangazi akamwambia asimfundishe dini.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya sala ya alfajiri, Nabirye alisikia mbuzi wanalia. Akatoka mbio na fagio, akafungua ule mlango wa Ghala, akaingia ndani peke yake, akawapiga mbwa watatu mpaka wakatoka kupitia mlangoni. Mkono wake una kovu mpaka sasa. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu, Zuhura, aliyekuwa na mimba, akafa mikononi mwake.

Bi Mahbuba akatoka na kanga kichwani, akaona nini? Mlango uko wazi. Basi. Hakutazama kwengine.

Hakumuuliza mtu. Alichukua simu papo hapo akatuma sauti kwenye kundi la familia, lenye watu sitini na tatu, Maskati, Unguja, mpaka binamu wa Dubai: "Mtumishi wangu kaacha mlango wazi. Kaniulia Zuhura wangu. Wallahi ntamrejesha maktabu, sitaki kumuona." Maktabu ni ile ofisi inayoleta wafanyakazi. Kila mtu Amerat anajua, msichana akirudishwa maktabu kwa uzembe, nyumba itakayofuata ni ile ambayo wengine wote wameikimbia.

Mimi niliisikia nikiwa kwenye foleni ya magari kuteremka mlima kwenda kazini. Nikajibu nini? "Pole shangazi, watu hawana amana." Mimi, Jawaher, mwalimu mzima, nikaandika hivyo kuhusu mtu ambaye kila nikifika pale hunipikia chai bila kuambiwa. Naona haya kuandika, lakini naandika.

Nabirye alisema, "Nilifunga. Mimi ndiye nilifungua nipige mbwa." Alisema Jumapili, akasema Jumatatu. Shangazi akawa anapita mbele yake kama anapita mbele ya kabati. Likakatwa shauri kwamba Jumamosi mimi nimpeleke maktabu, kwa kuwa shangazi haendeshi gari na mwanawe Aflah yuko safarini.

Jumamosi nikafika kumepambazuka. Nabirye alikuwa amekaa juu ya begi lake kwenye baraza ya nyuma, amevaa viatu vya safari.

"Dada, siingii gari bado," akasema. "Mwite Mama. Aje dirisha la jikoni."

"Nabirye, tusichelewe."

"Mimi nimekaa nyumba hii miaka mitatu. Yeye akae dirishani dakika kumi. Ni nyingi?"

Hakupaza sauti, ila taya lilikuwa linamcheza. Nikamwita shangazi. Akaja huku anasonya, akasimama dirishani mikono kiunoni.

Jana yake ilikuwa Ijumaa, watu walikuja kula, na juu ya jabali palikuwa na wali wa sinia mbili na mifupa. Ule mlango wa chuma ulikuwa umefungwa, komeo limesukumwa mpaka mwisho, na juu ya komeo Nabirye alikuwa ameufunga mtandio wake mwekundu mafundo matatu.

Hatukungoja sana. Mbwa wanne walipanda kutoka bondeni wakaja moja kwa moja kwenye jabali, bila kunusa huku wala huku, wenyeji kabisa. Wakala wali. Wakagombea mifupa. Walipomaliza, mmoja wa rangi ya mchanga, sikio limechanika, akatembea zake mpaka pembe ya nyuma ya banda, mahali mvua ya mwaka jana ilipochimba. Akaingiza kichwa chini ya seng'enge. Akaingiza bega. Mara yumo ndani.

"Mbuzi wangu!" Shangazi akapiga ukelele, akaanza kukimbia na magoti yake mabovu.

"Mbuzi wako chumba cha kufulia," Nabirye akasema. "Niliwahamisha jana Magharibi. Sita. Wote wazima."

Mbwa alizunguka banda tupu, akatoka kulekule alikopita. Mlangoni mtandio mwekundu ulikuwa vilevile, mafundo matatu.

Bi Mahbuba alikaa kwenye kiti cha jikoni. Uso ulimbadilika, na sitasema nilimhurumia, kwa sababu wakati ule sikumhurumia. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka mtu anipigie mimi kelele.

"Basi mwanangu," akasema mwisho. "Yaishe. Rudisha begi lako ndani."

Nabirye akatikisa kichwa. "Ulisema kwa simu. Sema kwa simu."

Shangazi yangu hajapata kuomba radhi tangu nimjue. Alishika simu akatuma sauti: "Assalamu alaikum. Leo tumegundua mbwa wanapita chini ya banda."

"Hiyo hapana," Nabirye akasema. "Futa."

Akafuta. Akarudia: "Labda ule mlango siku ile ulikuwa..."

"Labda hapana. Futa."

Shangazi akanitazama mimi nimsaidie. Nikatazama sinki. Akaisogeza simu mdomoni: "Mie Mahbuba. Mlango ulikuwa umefungwa. Nabirye kaufunga, na kaufungua kuniokolea mbuzi. Mbwa nnawalisha mie mwenyewe, kwa mkono wangu, jabalini. Nimemsingizia mtoto wa watu."

Akaiachia. Nikatoa simu yangu nikaandika chini yake: "Na mimi nilimsingizia." Watu sitini na tatu waone.

"Nitumie hiyo sauti," Nabirye akaniambia. Nikamtumia. Akasimama, akalishika begi. "Khalas. Twende."

"Twende wapi?" shangazi akauliza. "Si nishasema?"

"Umesema vizuri, Mama. Sasa kwa maktabu watajua mimi si mzembe. Nitapata nyumba nzuri."

Akaenda kwenye mlango wa banda, akafungua mtandio wake, akaukung'uta, akajitanda. Shangazi alibaki kwenye baraza na mbuzi sita wameshaanza kutoka chumba cha kufulia wakimzunguka Nabirye, si yeye.

Tulikuwa tunateremka mlima simu ilipolia. Nikaweka sauti ya nje. Bi Mahbuba hakusalimu. "Muulize, nikitaka kuzika waya mbwa wasipite chini, unazikwaje?"

Nabirye alikuwa anatazama majabali yanayopita dirishani. Nilidhani hatajibu, na angekuwa na haki.

"Asizike wa kusimama," akasema. "Aulaze chini, utokeze nje ya banda mkono mzima, pande zote nne. Afukie, aweke mawe juu. Mbwa ikichimba inakutana na waya, inachoka." Akaongeza: "Na kila jioni akanyage kwa kisigino. Mimi nilikuwa nakanyaga kila siku. Ile pembe nilimuonyesha mwezi wa pili, akaniambia niende nikaoshe vyombo."

Simu haikukatwa. Tulimsikia shangazi anapumua, na nyuma yake mbuzi wanalia. Kisha Nabirye akachukua simu yake mwenyewe, akaiweka sikioni, akaanza kuisikiliza ile sauti niliyomtumia, tangu mwanzo.