Alama ya Kucha Tatu

Mfinyanzi hulia gaeni, na Akeyo hakuwa tofauti. Nyumbani kwake, katika kambi ya wafanyakazi wa chai, mboga ilipikwa katika chungu kilichomeguka mdomo, ilhali vyungu vizuri vilipangwa ukutani vikingoja siku ya soko Chepilat. Majirani hawakumsema kwa hilo. Walimsema kwa maswali. Mwanamke huyo aliuliza jinsi wengine wanavyopumua: mbona jani la chai likikauka linakuwa jeusi na la kunde halifanyi hivyo? Mumewe Okello, aliyegongomea masanduku ya chai kiwandani, alizoea kumjibu, "Mungu anajua," kisha akaendelea kula.

Walikuja Kericho kutoka upande wa ziwani wakati mashamba ya chai yalipokuwa bado yanafyekwa. Ufinyanzi Akeyo hakufundishwa na mama yake. Kwao binti hafundishwi siri za udongo, maana ataolewa azipeleke kwa watu. Siri hukabidhiwa mke wa mwana, ili ibaki bomani. Kwa hiyo aliyemfundisha ni mama mkwe, na mwisho wa mafunzo akamwonyesha alama ya boma lao: kamba ya majani hubiringishwa shingoni mwa chungu kingali kibichi, na chini yake mikwaruzo mitatu ya kucha. Wanawake wa Kipsigis, wenyeji wa hapo, ambao hawakujua neno moja la Kijaluo chake walizijua kucha hizo. Walipapasa shingo ya chungu kwa kidole gumba, wakalipa.

Siku moja mmoja wao alirudi na chungu kilichopasuka tumbo, akakitua mbele ya Akeyo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akeyo alikigeuza. Kamba ilikuwa yake, kucha zilikuwa zake, lakini udongo haukuwa wake hata kidogo.

"Hii si yangu, mama."

"Kucha ni yako," yule mama akasema, akaenda zake.

Maneno sokoni yana miguu. Kabla ya jua kufika utosini, wanunuzi walikuwa wanavigonga vyungu vyake na kupita. Akeyo alikasirika. Vyungu vingine angefinyanga, lakini jina likivunjika, analifinyanga nani? Kisha, kwa kuwa alikuwa Akeyo, nyuma ya hasira likaja swali: mkono wa mtu unaibwaje?

Swali hilo alilipeleka kwa Johnson Nganga, karani wa kiwanda, ambaye maji yake ya kunywa yalipoa katika chungu cha Akeyo. Nyuma yake masanduku yalikuwa yamerundikwa, kila moja na nyota ndani ya duara.

"Karani, hii nyota, mtu mwingine akichora kwa sanduku yake?"

"Atashtakiwa. Imeandikishwa Nairobi. Ni ya kampuni peke yake, na wakiendelea kuilipia, haina mwisho."

Akeyo akakalia sanduku. Johnson akajua hataondoka upesi.

"Na ile mashine ya kukunja majani?"

"Hiyo ni sheria ingine. Mwenye kuibuni anaonyesha serikali vile inatengenezwa, anapewa miaka yake ya kuitengeneza peke yake. Ikiisha, kila mtu anaweza kutengeneza."

"Na kitabu ya nyimbo ya kanisa?"

"Ni ya mwenye kuandika maisha yake yote. Akifa, watu wake wanashika kwa muda."

"Na kama mtu hataki kuonyesha serikali kitu?"

Johnson alicheka. "Basi afunge mdomo. Siri akiimwaga mwenyewe, imemwagika."

"Kwa nini mashine iko na mwisho na nyota haina?"

Karani alijikuna kichwa kwa penseli. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na lilimpendeza. "Nafikiri mashine ni maarifa, siku moja yafae watu wote. Nyota haifundishi mtu kitu. Inasema tu nani alitengeneza."

"Basi ni jina."

"Ni kama jina, ndiyo."

"Na mimi, kucha zangu zinaweza kuandikishwa?"

Johnson aliona aibu kumjibu. "Sheria haikukatazi, mama. Lakini Nairobi ni mbali, na wakili anakula pesa."

Soko lililofuata Akeyo aliyazunguka mabanda yote hadi akavikuta vyungu vyenye kucha zake nyuma ya wauza wimbi. Muuzaji alikuwa Nyanchoka, mke kijana kutoka Ugusii, mtoto mgongoni. Akeyo alikuja na matusi tele kinywani. Lakini Nyanchoka alipomwona hakukimbia. Alimpangusia mahali pa kukaa.

"Mama wa kucha tatu, nilikuwa nataka kukuuliza. Nimeweka hiyo dawa yako, lakini chungu zangu bado zinapasuka. Kucha inawekwa na mkono wa kulia ama wa kushoto?"

Matusi yakayeyuka. Akeyo alimtazama, kicheko kikimtekenya koo.

"Hiyo si dawa. Ni jina langu."

Nyanchoka hakuamini. Watu wote walisema ni dawa, na mwenye dawa lazima akatae. Basi siku ya soko iliyofuata Akeyo akaja na chungu kitupu shingoni, hakina kamba wala kucha. Wakakiteleka mafigani kwa muuza uji, kikachemka, kisha wakakimwagia maji baridi kikiwa moto vile vile. Hakikupasuka.

"Basi ni nini?" Nyanchoka akauliza polepole. "Niambie, mama. Nikiacha kucha zako, nani atanunua zangu?"

Akeyo alikuwa amezaa wasichana watupu. Mke wa mwana hangekuja kamwe. Siri aliyoilinda angezikwa nayo, na huku jina lake likiendelea kupasuka katika kila jiko la Sotik kuzunguka soko.

"Jina langu utaliacha leo," akasema. "Hilo ni langu mpaka nife. Hii ingine, siri ya udongo, nitakupa: leta vigae vya chungu ya zamani."

Akamwonyesha kuvitwanga vigae hadi viwe unga, kuuchekecha na kuuchanganya na udongo mbichi. Alipokuwa akitwanga alimwona mama mkwe machoni pake.

Nyanchoka akatafuta alama yake: alibiringisha gunzi la mahindi begani mwa chungu. Siku za soko wakawa wanakaa pamoja.

Baada ya mvua, mama mmoja kutoka Kaplong alisimama mbele yao. Akagonga chungu cha kucha, akagonga cha gunzi, akakirudia cha gunzi. Kisha akamgeukia Akeyo, si mwenye chungu.

"Wewe wa kucha. Hii itapasuka?"

Wivu ulimshika Akeyo, wivu mtupu. Angesema tu "sijui", ingetosha. Aliinama, akakigonga mwenyewe, akasikiliza.

"Haitapasuka."

Yule mama hakuuliza tena. Akamlipa Nyanchoka, akakifunga chungu mgongoni, akashika njia ya Kaplong.