Nafasi za Matangazo za Don Hermógenes

Don Hermógenes Ticse alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu akaanza kupima supu. Kila Jumapili alikula bakuli moja katika soko letu la Chupaca, mji mdogo wa milimani, kisha akaja dukani kwangu, penye kompyuta nne na mashine ya fotokopi, akaandika blogu yake. Hakumwonea mtu haya. Supu ya utumbo ya Doña Eufrasia aliwahi kuiita maji yaliyooshewa sahani, na mama wa watu akakaa mwezi mzima bila kumsalimia. Wasomaji wake walikuwa kama sitini, wengi wao wapika supu wenyewe, wakisoma kwa hasira.

Binti yake wa pekee, Yovana, anaishi Lima. Mwezi wa Oktoba alimpigia baba yake simu, na kwa kuwa mzee hasikii vizuri, simu yake huongea kwa sauti ya juu na duka zima likajua.

"Baba, unaishi peke yako, unaanguka bafuni, halafu unaniambia una kazi. Kazi gani hiyo isiyolipa?"

"Blogu ni kazi."

"Haya. Ukipata mtu mmoja, mmoja tu, wa kulipia tangazo kwenye hiyo blogu kabla ya Krismasi, nitafunga mdomo. Ukikosa, unahamia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tisa. Mzee alishakaa huko miezi mitatu baada ya kufiwa na mkewe, akarudi amekonda. Lima wakati wa baridi mbingu yake ni kama uji uliopoa, na huyu amezoea jua la milimani. Alikata simu, akanigeukia.

"Delfina," akaniambia, "nitengenezee nafasi za matangazo. Nikirudi kule nitakufa."

Nikamtengenezea visanduku sita pembeni mwa ukurasa, kila kimoja kimeandikwa: "Nafasi hii ni yako." Akatoa utepe wake wa kupimia, akavipima kwenye kioo cha kompyuta, akagundua cha nne kimepungua milimita mbili, akanifanya nikirudie. Nikamwambia sasa aende kwa wafanyabiashara awatajie bei.

Hapo ndipo alipoharibu. Don Hermógenes ana adabu za zamani, na kumwingilia mtu dukani mwake na kutaja bei aliona ni ushenzi. Akanunua mikate, matunda na chupa ya pombe ya miwa, akavaa koti la harusi yake, akaenda nyumba kwa nyumba. Sasa, mtu wa bonde letu akikujia na mkate, matunda na chupa, huhitaji kusikia maneno. Anakuomba uwe baba wa ubatizo. Ubatizo unaweza kuwa wa mtoto, wa trekta, au wa choo kipya cha shule, na hukatai. Ukikubali mnakuwa makompadre, undugu wa mpaka kaburini. Wote sita walikubali, wawili kwa machozi.

Jumapili ya uzinduzi wakaja dukani kwangu na bendi ya saksafoni tisa. Kila kisanduku kililetewa chupa yake ya divai ya povu, imefungwa riboni, ikaning'inizwa mbele ya kompyuta ili baba au mama wa ubatizo aivunje kwa nyundo ndogo, ndiyo desturi yetu. Chupa sita! Kompyuta ya kwanza ilizima kwa chupa ya pili, ya pili ikazima kwa chupa ya tano. Muuza nyama alileta kondoo mzima. Doña Eufrasia, mama wa kisanduku cha nne, alimkumbatia mzee akilia.

"Kompadre, moyoni nilijua supu yangu unaipenda!"

Mzee akasema anaipenda. Nilimwonea huruma kweli.

Kesho yake niliwauliza matangazo yao yasemeje, wakanitazama kama nimewatukana. Walitaka majina yao tu.

"Tangazo la nini, Doña Delfina?" akasema Don Abilio, muuza misumari. "Nimfanyie kompadre wangu biashara?"

Habari ya malipo sikuthubutu hata kuigusa.

"Nani amelipa?" Yovana akauliza kwenye simu.

"Wameleta kondoo."

"Baba, kondoo si tangazo."

"Na saksafoni tisa."

"Baba!"

Desemba ikasonga. Mzee akaanza kuwagawia majirani kuku wake, na mimi nikawa nakasirika bila kujua namkasirikia nani. Nikaongeza kisanduku cha saba chini ya ukurasa, nikamwapisha asimpelekee mtu hata kipande cha mkate. Tarehe ishirini na moja zikaingia fedha za tangazo, soli tisini, kutoka Maabara ya Meno Bandia Alba, Lima. Mzee alisoma ujumbe mara nne, kisha akacheza peke yake katikati ya meza zangu. Mimi nikajiuliza ni nani wa Chupaca atakayesafiri usiku kucha kufuata meno. Nikaangalia namba iliyotuma fedha. Ilikuwa ya Yovana.

Nikampigia nikiwaka. "Unamchezea baba yako?"

"Usimwambie, Doña Delfina, nakuomba. Nimeona video ya zile chupa. Alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Kwangu alikaa miezi mitatu, sikuyaona meno yake hata siku moja."

"Si ungemwambia tu abaki?"

"Nilishatoa sharti duka zima likisikia. Ningerudije nyuma?"

Ukaidi wa baba yake mtupu. Nikafunga mdomo.

Siku mbili baadaye mzee akaingia amevaa lile koti, begi mkononi.

"Unakwenda wapi, Don Hermógenes?"

"Lima. Mtu ameniokoa nisihamie Lima, halafu nimshukuru kwa simu? Mimi si mnyama. Namfuata maabarani kwake, nimwombe awe kompadre wangu. Nitalala kwa Yovana."

Nikamwambia mvua imebomoa barabara, nikamwambia wenye meno wako likizo. Hakusikia, au alijifanya hasikii.

Basi lilipoondoka nikampigia binti. "Yovana, tafuta maabara ya meno haraka. Baba yako anakuja kukushukuru, ila hajui kama ni wewe."

Alicheka, akacheka sana. Kisha akauliza, "Atakaa siku ngapi?"

"Amesema tatu."



"Tatu tu?" akasema, na nikasikia analia.