Kamera Isiyopiga

Kibiti mjini nilitafuta kamera ya kuingia mfuko wa shati. Muuzaji akanisifia yenye lenzi ndefu, nikakataa. Bibi yangu wa Mtunda, ambaye baba yake alipigwa risasi na Mdachi katika vita vya Maji Maji, alikuwa hajawahi kupigwa picha. Lenzi ndefu aliziita mitutu ya bunduki, na kila alipoiona moja alijifungia ndani.

Nilipofika kwake na kuitoa mfukoni ile ndogo niliyonunua, alicheka. "Mume wangu, umeanza kunusa ugoro?"

"Ni kamera, bibi."

"Mimi sipigwi. Baba alipigwa, yatosha."

"Hii haipigi, bibi. Inachukua tu."

Akakaza kanga yake. "Basi ichukue, ila meno haitayakuta."

Nikabonyeza. Fizi zote zikatokea kwenye picha! Nikapita nyumba kwa nyumba nikiionyesha, natembea kama niliyeteka boma.