Nilisaini Gambuti, Kumbe Nimesaini Nisiajiriwe Kwingine

Wakuu, hamjambo. Hii sikusimuliwa na mtu, imenipata mimi mwenyewe hapa Machakos, na hadi naandika bado nina hasira.

Nimefanya kazi miaka sita kwa kampuni kubwa ya chakula cha mifugo, upande wa Athi River.

Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa mashine. Sikuwa meneja, wala sikukaribia ofisi. Gunia likija limejaa nashona, linaenda.

Mwaka huu mkataba ukaisha, wakakataa kuniongezea. Sawa, kampuni ni yao.

Nikahangaika, mwishowe nikapata kazi Kyumbi kwa mama mmoja anayesaga chakula cha kuku. Tumuite Mama Njeri. Ana mashine moja na wafanyakazi watatu. Nyumbani tukaanza kupumua.

Wiki ya pili Mama Njeri akaletewa barua kutoka kwa ile kampuni yangu ya zamani. Eti nilikubali kutofanya kazi yoyote ya chakula cha mifugo kwa miaka miwili baada ya kuondoka kwao. Nakala ya karatasi ilikuwa imeambatishwa, na kweli, saini ni yangu.

Nikakumbuka. Siku ya kwanza kazini tulipanga foleni stoo kuchukua ovaroli na gambuti, yale mabuti ya mpira. Mwenye stoo anafunua karatasi haraka haraka: "Saini hapa, na hapa, na hapa, usicheleweshe wenzako."

Nani atasoma, na gambuti za saizi yake zinaisha akiona? Nilisaini zote. Hilo kosa ni langu, nakubali.

Nikarudi kwa kampuni, kwa HR, yule anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Nikamuuliza, "Madam, ni siri gani ya kampuni niko nayo? Uzi?"

"Hiyo ni policy. Inahusu kila mtu."

"Na hii miaka miwili, watoto wangu watakula policy?"

Akaanza kuangalia simu yake.

Nikaenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi. Afisa alisoma ile karatasi mara mbili, akacheka kidogo. Akasema kwa maoni yake, ni vigumu korti kumfungia mshona magunia riziki kwa maneno kama hayo. Nirudi kazini, wakitaka waende kortini.

Nilifika Kyumbi nikiwa na furaha ya mjinga.

Mama Njeri alinisikiliza hadi mwisho. "Baba Mwende, mimi nakuamini. Lakini hao watu wako na mawakili. Mimi niko na mashine moja tu."

Mtu mwingine alikuwa tayari anashona pale pangu.

Hapo ndipo ninapochemka, wakuu. Hawakunishtaki, na sidhani walikuwa na haja. Walinitoa kazini wenyewe, kisha barua moja ya kutisha ikaninyima kazi ya pili. Mnyonge hana haki.

Someni kila karatasi mnayopewa kazini. Ukiharakishwa, ipige picha na simu kabla ya kusaini.

Kuna mfanyakazi wa kawaida hapa aliyewahi kupelekwa kortini kweli kwa jambo hili? Na wewe mwenye biashara ndogo, nijibu bila kunihurumia: ungeletewa barua ile, ungenibakisha?